Mke wangu kakutwa na masundosundo, mimi sina. Nimrudishe kwao?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 34, nauza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Naishi Mbagala na mke wangu pamoja na mdogo wangu wa kike, ana miaka 12, yuko darasa la sita. Huu ni mwaka wa nne wa ndoa yetu. Mke wangu ana miaka 29 na ni mjamzito wa miezi sita. Mimba hii tumeihangaikia sana, kwa hiyo furaha iliyokuwa ndani ya nyumba yetu utaielewa bila mimi kukueleza.

Wiki tatu zilizopita aliniambia anawashwa sehemu za siri, na akijisafisha anagusa kitu kama vinyama vigumu. Alipokwenda kliniki, nesi alimwangalia akamwambia ni masundosundo, yanaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, na kinaambukizwa kwa kujamiiana. Akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Mke wangu alirudi nyumbani akaiweka karatasi ile mezani mbele yangu bila kusema neno. Nilipoisoma niliona giza.

Shangazi, mimi sina kitu. Nimejikagua kwa kioo na tochi ya simu, sina hata kipele. Sasa kama mimi sina na yeye anayo, na nesi mwenyewe kasema yanaambukizwa kwa kujamiiana, ushahidi gani mwingine nautaka? Nilimuuliza ni nani. Akaapa, akalia, akasema hajawahi kutoka nje ya ndoa. Sikumwamini. Tangu siku hiyo nalala sebuleni. Nimemtengea beseni na taulo lake, na choo nakimwagia dawa kabla mdogo wangu hajaingia.

Nikatafuta kwenye simu, nikakuta HPV ndiyo inayoleta saratani ya mlango wa kizazi. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Mama yangu mkubwa aliugua hiyo, akalazwa Ocean Road, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Najua ilivyomtesa. Nina hasira na mke wangu, lakini sitaki afe vile.

Jirani yangu wa dukani kaniambia kuna dawa ya maji, unapaka, inachoma siku mbili tatu, yanadondoka yenyewe. Nimeinunua, iko kabatini, bado sijampa.

Kadi yake ya kliniki inaonyesha alipimwa VVU na kaswende mimba ikiwa changa, vyote hana. Walimwambia aje na mwenza. Sikwenda, duka halina mtu wa kuliachia.

Sikatai kwamba kabla ya ndoa nilikuwa na wanawake wengine. Na yeye aliniambia alikuwa na mtu mmoja kabla yangu. Lakini hayo ni ya zamani. Nimekwishampigia mjomba wake aliyeko Morogoro kumwambia nataka kumrudisha, ananisubiri nimtajie siku. Je, kuna kipimo kinachoweza kuonyesha nani kaleta ugonjwa huu? Nisaidie kabla sijaamua.

Baba Mtarajiwa, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na hiyo chupa iliyo kabatini, kwa sababu hiyo haiwezi kungoja. Usimpe. Dawa nyingi za maji zinazouzwa kwa ajili ya masundosundo zina podofilini, ambayo ni utomvu wa mmea unaoua chembe za ngozi. Hospitalini hupakwa na mtaalamu, kidogo sana, juu ya kinyama chenyewe tu, na huoshwa baada ya saa chache. Mjamzito hapakwi kabisa, maana inapenya kwenye damu na inaweza kumdhuru mtoto. Na hiyo ni ile halisi. Hiyo yako hujui hata ndani mna nini. Nilifanya kazi ya unesi katika kliniki ya mama na mtoto kwa miaka 26, na nakumbuka dada mmoja aliyeletwa na bajaji akiwa amesimama nusu, kashika kanga isimguse. Alikuwa kapakwa dawa ya kuchoma na mtu aliyempenda. Ngozi ilitoka yote, masundosundo yenyewe yakabaki pale pale. Wala usiimwage chooni nyumbani, mdogo wako akaja kuikanyaga. Ifunge vizuri, uwapelekee watu wa hospitali siku mtakayokwenda.

Sasa swali lako. Hapana, hakuna kipimo kinachoweza kukuambia nani kaleta. HPV haipimwi kwa damu. Kwa mwanamke kuna kipimo kinachochukua majimaji ya mlango wa kizazi kutafuta aina za kirusi zinazoleta saratani, lakini hata hicho hakisemi kirusi kiliingia mwaka gani wala kwa mtu gani. Kwa mwanamume hakuna kipimo cha kawaida kinachotumika. Hata ukizunguka maabara zote za Dar es Salaam na fedha mkononi, hukumu unayoitafuta hutaipata huko.

Hesabu uliyoifanya wewe wameifanya wengi kabla yako: mimi sina, yeye anayo, basi kaipata nje. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama kirusi hiki kingekuwa kinajionyesha kwa kila kinayemwingia. Hakifanyi hivyo. Wengi wa wanaoambukizwa HPV hawaoti chochote. Kinakaa ndani ya ngozi kimya, mwili unapambana nacho, na kwa watu wengi, takribani tisa katika kila kumi, ndani ya miaka miwili hakionekani tena. Mtu anakipata, anakibeba, anampa mwenzake, halafu kinaisha bila yeye kujua kwamba aliwahi kuwa nacho. Inakadiriwa kwamba wengi wa watu wazima waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani maishani. Kwa hiyo kioo na tochi vimekuonyesha kwamba huna vinyama leo. Havikukuonyesha kwamba kirusi hakijawahi kupita kwako.

Halafu kuna suala la muda. Masundosundo yanaweza kutokea wiki chache baada ya kuambukizwa, yanaweza kutokea baada ya miezi, na yanaweza kukaa miaka. Kirusi kinalala, siku kinga ya mwili ikilegea kinaamka. Mkeo ana mimba ya miezi sita. Mimba hubadilisha kinga ya mama, ngozi ya sehemu zile hupata damu nyingi na unyevu mwingi, na masundosundo hupenda hali hiyo. Kliniki tulikuwa tunawaona kina mama ambao hawakuwahi kuwa na kitu, mimba inaingia mwezi wa tano au wa sita, vinyama vinachomoza na kukua haraka. Wakijifungua, mara nyingi vinanywea, vingine vinatoweka. Kwa hiyo lile swali linalokuumiza, kwa nini yatokee sasa, lina jibu ambalo halihitaji mwanamume mwingine.

Sikuambii kwamba najua mkeo hajatoka nje. Sijui. Lakini karatasi ile nayo haijui. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulikuwa na wengine kabla yake, na yeye alikuwa na mmoja. Kirusi kinaweza kuwa kimetoka upande wake wa zamani, au upande wako wa zamani. Ukimrudisha kwao kwa ushahidi huu, utakuwa umemrudisha mjamzito kwa jambo ambalo huenda ulilileta wewe, na hutakuja kujua kamwe.

Hata hivyo, mwanangu, nimefurahi kwamba hasira haikukuzuia kuiogopa saratani. Tuiongelee vizuri, maana hapa watu wengi wanachanganya.

HPV si kirusi kimoja. Ni ukoo wenye aina zaidi ya 200, kila moja na namba yake. Aina namba 6 na 11 ndizo zinazoleta takribani asilimia 90 ya masundosundo, na hizo haziko katika kundi linaloleta saratani ya mlango wa kizazi. Aina namba 16 na 18 ndizo zilizo nyuma ya takribani asilimia 70 ya saratani hiyo, na hizo kwa kawaida haziotishi vinyama. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini tabia tofauti. Yule mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alipitia njia hiyo hiyo ya mawazo. Alianza kwa kukitafuta kirusi cha masundosundo ndani ya saratani ya mlango wa kizazi, hakukiona. Akaendelea kutafuta, na mwaka 1983 yeye na wenzake wakaipata aina ya 16, mwaka uliofuata wakaipata ya 18. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo vinyama alivyonavyo mkeo havigeuki kuwa saratani ya mlango wa kizazi. Ukimwambia sentensi hiyo moja tu leo usiku, utakuwa umempunguzia mzigo mkubwa, kwa sababu na yeye ana simu, na yeye kasoma ulichosoma.

Lakini nisikudanganye ukalala usingizi wa pono. Mlango ulioingiza aina ya 6 unaweza kuwa umeingiza na nyingine. Watu wenye masundosundo wakichunguzwa, si ajabu kukuta aina mbili au tatu kwa mtu mmoja, na mojawapo ikawa ya hatari. Kwa sababu hiyo sisi wa afya tukiona vinyama hatuishii kuvichoma tu. Tunavichukulia kama taarifa kwamba ukoo huo umebisha hodi, na tunaangalia mengine.

Kwa mkeo mengine hayo ni haya. Akishajifungua na mwili kupumzika, aulize lini aje achunguzwe mlango wa kizazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze uchunguzi akiwa na miaka 30, na mwenye VVU aanze akiwa na miaka 25, kwa sababu kwake hatari ni kama mara sita zaidi. Mkeo mwakani anatimiza hiyo 30, basi imeangukia vizuri. Usimwache aogope uchunguzi wenyewe. Kile kinachofanyika katika vituo vyetu vingi ni cha dakika chache: nesi analowesha pamba kwenye asidi hafifu ya aina ile ya siki, anapaka mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia kwa taa. Ngozi nzima inabaki na rangi yake ya waridi. Penye tatizo panageuka peupe, kama ukungu wa pumzi kwenye kioo. Pakiwa na weupe unaofaa kutibiwa, mara nyingi hutibiwa hapo hapo kwa kugandisha au kwa joto, na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kutoka mabadiliko hayo hadi saratani kwa kawaida ni safari ya miaka 15 hadi 20. Mama yako mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa katika kizazi ambacho wengi walifika Ocean Road safari ikiwa imekwisha. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu, na inauma kuiona, maana ni miongoni mwa chache zinazoweza kushikwa kabla hazijawa saratani.

Matibabu ya vinyama sasa hivi yapo, hata akiwa mjamzito. Yanaweza kugandishwa kwa baridi kali, yanaweza kupakwa asidi maalumu na mtaalamu kwa kijiti, yakiwa makubwa yanaweza kukatwa au kuchomwa kwa umeme. Daktari anaweza pia kusema tusubiri ajifungue, hasa kama ni madogo. Akisema hivyo asionekane amempuuza. Na jueni mapema kwamba hata yakitibiwa yanaweza kurudi, hasa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kwa sababu dawa inaondoa kinyama, kirusi kinaondolewa na mwili wenyewe polepole. Yakirudi, tafadhali, usianze upya ule wimbo wa nani kaleta.

Mtoto: wengi wanazaliwa kwa njia ya kawaida bila shida yoyote. Masundosundo peke yake si sababu ya kupasuliwa. Upasuaji unafikiriwa pale yakiwa makubwa kiasi cha kuziba njia au yanaweza kuvuja damu nyingi. Mara chache sana kirusi hushika koo la mtoto, na dalili yake ni sauti ya kukwaruza isiyoisha au kupumua kwa shida. Ukiisikia baadaye, mpeleke hospitali na useme mama alikuwa na masundosundo.

Sasa wewe. Umeniambia duka halina mtu wa kuliachia. Mwanangu, funga duka nusu siku. Mkeo kapimwa VVU na kaswende mwanzoni mwa mimba, wewe hujapimwa. Hilo linanitia wasiwasi kuliko vinyama vyenyewe, kwa sababu kaswende inaweza kumuua mtoto tumboni, na VVU akivipata mama katika miezi hii ya mwisho ndipo mtoto anapokuwa hatarini zaidi. Na yeye arudie kupimwa, ndivyo inavyotakiwa. Tena kaswende ina vinyama vyake, bapa na vyenye unyevunyevu, ambavyo asiye mzoefu anaweza kudhani ni masundosundo, kwa hiyo kipimo hicho kina kazi mbili. Ukifika, mwombe daktari akukague na wewe, maana kwa mwanamume vinyama vinaweza kujificha ndani ya mdomo wa njia ya mkojo, mahali ambapo tochi yako haikufika. Mficha uchi hazai, na wewe uzazi umekwishaanza. Mpaka majibu yako yatoke na matibabu yake yaende vizuri, pumzikeni, au tumieni kondomu. Kondomu haifuniki ngozi yote kwa hiyo haizuii HPV moja kwa moja, lakini inapunguza, na magonjwa hayo mengine inayazuia vizuri. Kama unavuta sigara, acha. Moshi unaipunguzia kinga nguvu ya kukiondoa kirusi hiki.

Mdogo wako hawezi kupata masundosundo kwa kukalia choo kimoja na wifi yake. Njia ya kirusi hiki ni ngozi kwa ngozi, wakati wa tendo la ndoa. Hiyo dawa unayomwaga chooni kila asubuhi, mkeo akiwa amesimama mlangoni anakuangalia, haimkingi binti huyo na kitu. Kinachomkinga ni chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 inatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, sindano moja tu begani, bure. Yeye ana miaka 12, yumo. Uliza shuleni kwao kama alichomwa. Kama hakuchomwa, mpeleke kituo cha afya. Utasikia maneno ya mtaani kwamba inafunga kizazi. Si kweli, na nimewasikia watu wakiyasema mbele ya mabinti wenyewe, mtoto anakimbia sindano ambayo ingemwokoa na yale uliyoyaona kwa mama yako mkubwa. Chanjo haitibu kirusi kilichokwisha kuingia, kwa hiyo faida yake kubwa ni kuitoa mapema, kabla mtoto hajaanza mambo ya ukubwani.

Kuhusu mjomba wa Morogoro, mpigie wewe mwenyewe, usimwachie mkeo kazi hiyo. Huna haja ya kumweleza ugonjwa wa mpwa wake. Mwambie ulizungumza kwa hasira, jambo limekwisha, na unaomba radhi. Ataelewa. Wajomba wameyasikia mengi.

Kwa mkeo ni kugumu zaidi, kwa sababu ulimuuliza "ni nani" na swali hilo halifutiki kwa samahani moja. Anza kwa kumwambia ulichojifunza: kwamba kutokuwa na vinyama hakumaanishi wewe huna kirusi, kwamba huenda kilitoka kwako, kwamba vinyama vyake si saratani. Halafu mwambie siku ya kliniki mnakwenda wote, kadi utaishika wewe, na utatoa damu kwanza wewe. Asipokujibu, usimlazimishe.

Usiku huu rudi chumbani kwenu. Lile taulo la kutengwa liondoe kwenye msumari, na maji yake ya kuoga mchotee kwenye beseni mlilokuwa mnatumia wote.

Shangazi